Anti Kaluki, Mbuzi Wake na Gari Lililokataa Kunyamaza

Tangu nirudi Mwingi, kila anayepita dukani kwangu husimama mlangoni na kuuliza: "Mutua, ni kweli mlipelekwa hospitali? Ni kweli mbuzi aliingia kinyozi?" Mimi ni mshonaji. Nikisimulia huku nashona, nashona vibaya. Wiki iliyopita nilimshonea mwalimu mmoja suruali yenye zipu nyuma. Kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja, mtu akiuliza nimpe asome, nami niendelee na kazi.

Anti Kaluki, dada yake mama, alikuwa anaolewa. Ni mjane wa miaka mingi, ana wajukuu, na watoto wake wa kiume wawili walioko Nairobi walikuwa wamemwambia wazi kwamba mtu wa umri wake anaaibisha familia. Yeye akawajibu kwamba umri wake anaujua, hakuna haja ya kukumbushwa. Mchumba alikuwa Mzee Ndeto wa Matiliku, mkulima wa machungwa, naye pia mjane. Harusi ingekuwa Jumamosi saa nane mchana. Anti alikataa katakata kulala Matiliku kabla ya kuolewa, kwa hivyo ilibidi tusafiri siku hiyo hiyo, tangu alfajiri.

Alitaka kitu kimoja tu. "Mutua, tuende polepole, kimya kimya. Sitaki watu wa njiani wanitolee macho."

Gari tuliazima kwa shemeji yangu, mnunuzi wa mbuzi. Ni gari dogo refu la kubebea mizigo, limezeeka, ila muziki ulikuwa mpya kabisa, spika kubwa kama sufuria za kanisa. Ndani tulikuwa watatu: mimi, Anti, na mbuzi wake wa maziwa anayeitwa Katibu kwa sababu hawezi kuona karatasi akaiacha. Gauni nililolishona mwenyewe lilining'inia nyuma ya kiti changu, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mdomo wa Katibu.

Mwingi hadi Kabati

Mwanzo safari ilikuwa tamu. Malori ya Garissa yalitupita, Anti akawa anaimba pole pole, Katibu akicheua.

Karibu na Kabati tukapita kwenye tuta ambalo sikuliona. Gari likaruka, likatua, na honi ikaanza kulia. Sikuwa nimeigusa. Piiiiiiii, bila kupumzika.

"Mutua, toa mkono!" Anti akapiga kelele.

"Mikono yangu hii hapa!" Nikaiinua yote miwili nimwonyeshe, jambo ambalo dereva hapaswi kufanya.

Nikakanyaga breki ili nisimame. Honi ikanyamaza. Nikaachilia breki. Piiiiiiii. Nikakanyaga. Kimya. Nikaachilia. Piiiiiiii. Nimewahi kusikia magari yanayolia yakifunga breki. Hili lilikuwa linalia likienda na kunyamaza likisimama. Njia pekee ya kusafiri kimya kimya kama Anti alivyotaka ilikuwa kutosafiri.

Tulipoingia sokoni Kabati, wanawake wote waliokuwa wakiuza kando ya barabara walidhani tunawaita. Walikimbia na ndizi, na kuku, na mmoja na beseni zima la maembe. Nikisimama kuwaambia hapana, gari linanyamaza, na wao wanafikiri tumeanza kuelewana bei. Nikiondoka, honi inalia, na wao wanafikiri nimebadilisha mawazo.

"Mteja! Unaniita ama huniiti?" mwenye kuku akauliza akiwa amekasirika kweli.

"Ni gari inakuita, mama. Si mimi."

Tuliondoka Kabati na maembe mengi ambayo hakuna aliyeyahitaji isipokuwa Katibu.

Kabati hadi Kitui

Anti hakuweza kuvumilia macho ya watu. Alihamia kiti cha nyuma, akalala, akajifunika leso kutoka kichwani hadi miguuni. Mimi niliona ni sawa. Sikufikiria jinsi tunavyoonekana kutoka nje: gari linalia bila kukoma, nyuma kuna mama amelala amefunikwa, na mbuzi amemwinamia kama anamwombea.

Kabla ya mji, mwendesha bodaboda alitukaribia, akachungulia dirishani, akamwona Anti. Uso wake ukabadilika. Akanipungia mkono kwa nguvu nimfuate, akatangulia, akawa anasimamisha magari mengine kwa mkono kama polisi. Malori yakatupisha. Hata gari la miraa, ambalo kwa haraka yake halimpishi mtu, likatupisha, na hilo kwa kweli sikuwa nimewahi kuliona. Nilimshukuru Mungu kwa kijana mwenye moyo, nikamfuata kila kona, nikidhani ananipeleka kwa fundi.

Alinipeleka hospitali.

Nilipogundua, tulikuwa tayari langoni. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Chini ya dashibodi nikasikia sauti ndogo, *pap*, na kuanzia hapo honi ikaacha hata kile kitabia chake kizuri cha kunyamaza nikifunga breki. Sasa ililia nikisimama, ikalia nikienda. Nikazima gari kabisa, nikatoa ufunguo. Ikalia tu.

Wauguzi wawili walikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Mmoja akafungua mlango wa nyuma.

"Mgonjwa amekuwa hivi tangu lini?"

Leso ikasogea. Anti akatoa kichwa. "Hakuna mgonjwa hapa! Kuna bibi harusi!"

Muuguzi akamtazama Anti, akamtazama Katibu, akaniuliza mimi kwa upole, "Na wewe unajisikia aje?"

Bawabu alikuja akiwa ameziba masikio. Aliuliza sanduku la fyuzi liko wapi, akafungua kifuniko, akasoma alama zilizochorwa ndani yake, akavuta fyuzi moja. Honi ikakata. Ukimya ulioshuka pale, hata wagonjwa nafikiri waliusikia. Kisha akaona nyingine iliyoungua, ile ya breki. "Hii ndiyo imekufa sasa hivi. Taa zako za breki hazifanyi kazi. Tafuta fundi kabla hujaenda mbali."

Ningemsikiliza bawabu, hadithi ingekuwa fupi. Lakini nje ya lango palikuwa na jamaa wa chapati, mtu mwenye furaha nyingi sana. Tulikuwa na njaa, tukanunua chapati na chai. Akasikia shida yetu, akacheka, akatoa chingamu mfukoni, akaitia mdomoni, na ile karatasi yake inayong'aa akaizungushia fyuzi iliyokufa.

"Rudisha hapo. Hiyo itakufikisha hata Kongo."

Nikairudisha. Tukakanyaga breki, taa zikawaka. Tukamshangilia. Nawaambia ukweli, wakati huo nilimwona kama daktari.

Kitui hadi Ikanga

Barabara ya kusini ni nzuri siku hizi, lami tupu na vichaka pande zote. Anti alirudi mbele. Aliwasha simu, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa ameizima asipigiwe na wanawe, ikaonyesha chaji imebaki kidogo sana. Tukaichomeka kwenye gari ichaji. Haikuchaji. Akaizima tena.

Kila nilipofunga breki kwa ajili ya ng'ombe au tuta, nilisikia harufu. Mara ya kwanza ndogo. Mara ya pili kali.

"Ni Katibu," Anti akasema.

"Anti, hii ni harufu ya plastiki."

"Umempa maembe. Hujui tumbo lake."

Karibu na Ikanga kundi la ng'ombe likavuka. Nikashikilia breki muda mrefu, na moshi mweupe ukaanza kupanda katikati ya magoti yangu. Hapo hata Anti alimsamehe Katibu.

Nilisogeza gari kando, nikazima, nikavuta breki ya mkono. Anti aliruka nje na mbuzi chini ya kwapa moja na gauni chini ya kwapa lingine. Moshi ulikuwa mwembamba, na nilipoacha breki ulianza kupungua, kwa hivyo nikafungua boneti. Shemeji alishawahi kuniambia kwamba umeme wa gari ukikorofisha, kitu cha kwanza ni kuutenga na batri, na uanze na waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Nikachukua spana. Anti akaweka Katibu chini, akaja kunisaidia, mkono umejaa bangili za shaba alizovaa kwa ajili ya harusi.

"Anti, toa bangili kwanza! Chuma kikigusa pande mbili za batri kitawaka kwenye mkono wako."

Alizitoa zote haraka kama zina siafu. Nikalegeza nati, nikautoa waya, nikauweka mbali. Moshi ukaisha. Nikachungulia chini ya usukani: waya mmoja ulikuwa umevimba na kuwa laini kama sukari guru juani. Ile karatasi ya chingamu kwenye fyuzi ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, haina wasiwasi. Fyuzi ya kweli ingekatika na kutuokoa. Karatasi iliachia umeme wote upite, waya ukaanza kuiva badala yake.

Niliing'oa nikaitupa kwenye mfuko wa taka, si chini, kwa sababu Katibu alikuwa anaitazama.

Saa nane ilikuwa inakaribia, nasi tulikuwa mbali. Anti akawasha simu ampigie Mzee Ndeto. Mtandao ulikuwa unakatika, na lori la mchanga likaamua kupita wakati huo huo.

"Ndeto! Unanisikia? Gari haiendi! Haiendi! Nasema HAIENDI!"

Akasikiliza. Akatazama simu. Imezimika.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, 'Haya, Kaluki.' Basi." Akakaa juu ya jiwe. "Mutua, amesema vibaya. Kama mtu aliyeketi ghafla."

Ndipo nilipomwona Anti akilia mara ya kwanza siku hiyo. Si kwa sauti. Alisema labda watoto wake wana haki, labda honi, na hospitali, na moshi, ni Mungu anamwambia arudi nyumbani akalee wajukuu. Mimi ni mshonaji. Nikamwambia tu kwamba gauni nimelipima mwili wake na haliwezi kumtosha mtu mwingine. Akafuta macho kwa kona ya leso.

"Funga hiyo waya twende," akasema.

Nilirudisha waya wa batri nikiwa nimeacha fyuzi ya honi na ya breki nje, nikasubiri, nikanusa. Hakuna moshi. Lakini hatukuwa na taa za breki, kwa hivyo tulienda mwendo wa baiskeli hadi Mutomo, na kila nikikaribia kupunguza mwendo, Anti anatoa mkono dirishani na kupunga leso nyeupe ili wa nyuma waone. Wa nyuma waliona. Wa mbele pia. Watu wakaanza kumpungia. Kwenye kituo kimoja vijana wakaimba na kukimbia kando ya gari wakiuliza anagombea kiti gani.

"Kiti cha mke!" Anti akawajibu. Wakampigia makofi.

Mutomo

Fundi wa umeme wa magari tuliyeelekezwa aliitwa Mbithe, mama mrefu mwenye ovaroli. Siku hiyo alikuwa na mafua mabaya, anapiga chafya kila sentensi. Nilimweleza kila kitu. Alicheka niliposimulia hospitali, hakucheka nilipofika kwenye chingamu.

"Fyuzi kazi yake ni kufa badala ya gari," akasema. "Na usiweke kubwa kuliko ile ilikuwa. Hapo ni chingamu tu kwa jina lingine."

Kwanza alitoa waya wa hasi, akaangalia waya zote kwa macho na tochi. Hakuona mwisho wa ule uliovimba, umeingia ndani ya fungu nene lililofungwa kwa plastiki. Akatoa balbu za breki nyuma. Kisha akachukua balbu ndogo yenye waya mbili, akaichomeka pale fyuzi ya breki inapokaa, akaunganisha batri tena.

"Hii balbu ni askari," akanieleza. "Umeme ukitoroka, utapita hapa kwanza, na balbu haiwezi kuachilia mwingi wa kuchoma waya. Mguu ukiwa kwa breki, taa za nyuma nimetoa, hii haifai kuwaka. Ikiwaka sana, umeme unaingia kwa bodi ya gari mahali fulani. Wewe vidole vyako ni vya sindano, ingia chini utikise waya pole pole. Ukishika mahali balbu izime, hapo ndipo. Mama, wewe kaa kwa breki. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema achilia, achilia."

Anti akaketi kwenye usukani kwa heshima kubwa. Mkono mmoja nje ya dirisha, umeshika kamba ya Katibu.

"Kanyaga!"

Balbu ikawaka kama jua. Nikaanza kutikisa. Hakuna. Vumbi likaniingia machoni.

"Achilia!" Mbithe akasema, nipumzike.

Anti akaachilia kamba.

Tulichosikia baadaye ni kelele kutoka kinyozi upande wa pili wa barabara. Katibu alikuwa ameingia ndani, ameona kalenda ukutani, na kalenda ni karatasi. Akatoka mbio na mwezi wa tatu mdomoni, nyuma yake mwanaume mkubwa aliyenyolewa ndevu upande mmoja, shuka ya kinyozi ikipepea shingoni. Alimkamata karibu na duka la mbegu, akamrudisha amembeba.

"Huyu ni wa nani?"

"Fundi aliniambia niachilie!" Anti akalia, mguu wake bado umekandamiza breki. Balbu bado inawaka.

Mbithe alijaribu kusema kitu, akapiga chafya, kisha akacheka hadi akashikilia tairi. Yule mwenye nusu ndevu, badala ya kurudi kunyolewa, akabaki na mbuzi kwapani kutazama balbu. Alisema anataka kujua itaishaje.

Nikarudi chini. Nikafuata fungu la waya kwa vidole kama ninavyotafuta uzi uliokatika ndani ya pindo, inchi kwa inchi, hadi kwenye nguzo ya usukani. Nikalivuta kidogo kando.

Balbu ikazima.

"Usisonge!" Mbithe akasema. Nikaachia kidogo. Ikawaka. Nikavuta. Ikazima. "Ndio hapo. Sasa toa mkono, nitoe batri kwanza ndio tufungue."

Alipokata ile plastiki tuliona. Shemeji alipowekewa muziki wake, mtu alifunga kibati cha spika kwa skurubu ndefu kupita kiasi. Ncha yake ilikuwa imetoboa waya mbili zilizolala pamoja, wa breki na wa honi. Mwanzoni ilizigusanisha tu, waya wa honi ukawa unapata njia ya kushukia kwenye bodi ya gari kupitia balbu za breki, honi ikalia bila kubonyezwa. Ukikanyaga breki njia inazibwa, honi inanyamaza. Kisha tuta na mitikisiko ikasukuma skurubu hadi kwenye chuma cha gari, honi ikawa hainyamazi tena, na fyuzi ya breki ikakata, kama inavyotakiwa.

"Kwa hivyo ni muziki," mwenye nusu ndevu akasema kwa masikitiko.

Mbithe akakata kipande kilichoungua, akaweka waya mpya wa unene ule ule, akaunganisha na kufunika vizuri kila kiungo, akalifunga fungu mbali na skurubu, na skurubu yenyewe akaweka fupi. Akarudisha balbu za nyuma na fyuzi za saizi yake, na ile ya tundu la kuchajia simu pia, iliyokuwa imekufa tangu zamani. Anti akakanyaga, taa zikawaka. Nikabonyeza honi, ikalia. Nikaachilia, ikanyamaza. Sote, pamoja na wateja wa kinyozi waliokuwa wamejaa pale, tukapiga makofi.

Kibwezi hadi Emali

Tulipita Ikutha, tukavuka daraja la Athi, tukafika Kibwezi njaa ikituuma. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kwa haraka, tumesimama, huku simu ya Anti ikichajiwa kidogo kwa mwenye hoteli. Ilipowaka akampigia Mzee Ndeto. Simu yake haikupatikana. Akajaribu tena Makindu. Haikupatikana.

Nilimuuliza kwa nini Ndeto, kati ya wazee wote.

"Nikisema kitu cha kuchekesha," akasema, "anakaa kwanza. Halafu anacheka baadaye, wakati watu wengine wameshasahau. Hata siku ya pili. Ananipigia simu anacheka."

Emali aliingia choo cha hoteli akiwa amejifunga leso, akatoka amevaa gauni. Pindo lilikaa sawa kabisa, nilitazama. Saa nane ilikuwa imepita zamani, na jua lilikuwa limeanza kulala upande.

Matiliku

Tuliingia uwanja wa kanisa bila sauti yoyote. Turubai lilikuwa limeshushwa. Sufuria zimefunikwa. Watu wachache waliobaki walisimama makundi makundi wakiongea kwa sauti ya matanga. Vijana wa kukodisha viti walikuwa wamepakia viti vyote kwenye lori la kanta, isipokuwa kimoja. Juu ya kile kimoja, katikati ya uwanja mtupu, alikuwa ameketi Mzee Ndeto ndani ya suti ya kahawia.

"Mzee, tafadhali," kijana mmoja alikuwa anamwambia. "Ni kiti kimoja tu. Twende nyumbani."

"Mtakuja kukichukua kesho."

Anti akashuka. Hakukimbia, alitembea, akasimama mbele yake.

"Kaluki," Mzee akasema. "Ulisema huendi."

"Nilisema gari haiendi! Gari!"

"Mimi nilisikia siendi. Mara tatu."

"Na kama ulisikia hivyo, mbona bado umekaa hapa?"

Mzee akafikiria. "Niliona labda umekasirika kidogo. Nikasema ningoje hasira iishe. Simu nikazima, usije ukanipigia kuniambia tena."

Anti akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Kijana mmoja alitumwa kwa pikipiki amlete mchungaji, ambaye alikuwa ameshaenda kukamua ng'ombe wake, akaja na kola yake na gambuti za zizini. Vijana wa viti, bila kuambiwa na yeyote, wakaanza kushusha viti tena.

Sasa, ile picha ya harusi ambayo imezunguka kwenye simu zenu zote, mkisema Anti anaonekana kama anamburuta mzee wa watu madhabahuni kwa nguvu. Mimi ndiye niliyeipiga, kwa hivyo najua. Hakuna aliyelazimishwa. Mchungaji alisema wasimame, Anti akasimama, na Mzee Ndeto akashindwa. Alikuwa ameketi juu ya kile kiti tangu saa nane, miguu yote miwili imekufa ganzi. Akamnyooshea mikono, akamwambia, "Nivute, Kaluki," na yeye akamvuta.